Jiwe la Ratili

Mtu akinitajia ratili mpaka leo natema mate. Ptuu! Na ratili maskini haina kosa. Kosa ni la yule mwanamume wa Mayfair aliyetaka kunioa.

Alikuwa na duka la viungo na dagaa, jirani na msikiti tunamosali sisi tuliotoka Tanga, Dar na Unguja. Johannesburg nzima inapima kwa kilo, yeye kaweka mizani ya zamani ya sahani mbili na jiwe la chuma la ratili moja, karibu nusu kilo, kama walivyokuwa wakiuza babu zetu. Wazee wa kwetu wanapita maduka yote hadi kwake, ati wanunue ratili ya mdalasini kama nyumbani. Mizani ikisawazika, anachota konzi, anamimina juu: "Nyongeza yako hiyo, mzee wangu." Basi dua zinavyommiminikia! Hata mimi, mjane na cherehani yangu mjini, nikajisemea mtu asiye mchoyo hivi atanitunza. Posa alishaileta kwa shangazi, na shangazi alitaka jibu langu Ijumaa.

Siku mbili tatu kabla, akaniomba nikamsaidie kusafisha duka, Ramadhani inakaribia. Jiwe lile lilikuwa limeganda uchafu wa dagaa. Nikalitumbukiza kwenye maji ya moto, nikalipiga brashi. Mara kitu kikaninata kidoleni, kikavutika. Kugeuza, chini kuna shimo: madini ya risasi waliyotia waliolitengeneza ili litimie uzito yamekwanguliwa yote, na mahali pake pameshindiliwa chingamu. Zilizotafunwa! Donge juu ya donge, nyeusi, zina alama za meno, zimenasa nywele na bawa la mende. Lahaula! Mate ya mtu kwenye mizani ya chakula cha watu.

Nikamwonyesha. Nilidhani atatafuta pa kuficha uso, kumbe wapi, akacheka.

"Eish, bibie, usiniangalie hivyo. Jiwe jepesi, ndiyo, lakini si nawaongezea? Wao wanapata furaha, mimi napata dua."

Yaani konzi ile ilikuwa mali yao wenyewe, tena si yote! Wazee wa watu wanamshukuru mwizi kwa kuwarudishia makombo yao.

Ndipo nikakumbuka hitma ya marehemu mume wangu. Viungo vya pilau nilichukua hapo hapo, na huyu huyu akakaa mkekani na watu, akala, akaitikia amina.

"Na vya hitma ulivipima kwa jiwe hili?"

Akanitazama kwa huruma. Wallahi, huruma ya kweli, ndiyo iliyonimaliza.

"Vile? Ah, vile nilikuongezea konzi mbili."

Jibu la posa nilimpa palepale, mikono bado inaninata.