Siku Niliyozika Mchanga Uhispania

Jamani, nnakuhadithieni hili mara moja tu, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana nimeaibika vya kutosha, na mpaka leo nikiingia mkahawani hapa Sib, Omani, hakosi mtu wa kunigonga bega aniulize kama bado linauma.

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo nilikuwa karani wa tikiti katika ofisi ndogo ya safari kule Qurum, Maskati, na tajiri wetu, Bwana Khalfan, akaanzisha safari ya baiskeli Uhispania, siku sita, mwendo wa taratibu, mji wa kale hadi mji wa kale. Akanichagua mimi niwaongoze wateja wanne wa kwanza, naye akaja kunitazama. Nikifaulu, nnakuwa mwongozaji. Nikiharibu, nnarudi kaunta. (Wateja wenyewe watu wa Qurum, hata mkate wanaufuata kwa gari, lakini walivyokanyaga pedali, utawapenda.)

Na miji yenyewe, wallahi, sijaona mfano wake! Nyumba za mawe zimekaa juu ya vilima kama ngome zetu za bara, mifereji inapita kando ya mashamba utadhani falaji zetu za kumwagilia mitende, na milango ya mbao ambayo kufuli lake tu ungelitundika sebuleni. Kila kona nnasimama, mashaallah, mashaallah. Na kila uwanja una wazee wamekaa kwenye mabenchi, na mimi nimelelewa kwamba hupiti juu ya baiskeli mbele ya wazee, unashuka, unasalimu, unaikokota. Basi nikawa nnashuka kila benchi.

Siku ya mwisho treni ilikuwa saa tisa mchana, mji wa mbele, mwendo wa nusu saa, na tikiti zote zimo mkobani mwangu. Nikawaambia wenzangu, "Tangulieni, nnawaamkia wazee hawa mara moja nnakuja." (Hapo ndipo nilipojimaliza.)

Kuinua kichwa, nikaona wanaume kama kumi na wawili wanatoka uchochoroni, kimya, hatua moja moja, wamebeba mabegani kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa cheusi. Kwetu jeneza likipita hulikodolei macho, unatia bega japo hatua chache, ni thawabu. Nikavua kofia ya baiskeli, nikajipenyeza na suruali yangu ya kubana (rangi ya machungwa, Mungu anisamehe), nikatia bega. Wa mbele akageuka, akatabasamu, akanisogezea nafasi.

Lilikuwa zito! Nikasema moyoni, marehemu huyu alikula akashiba. Nikitaka kutoka, naona upande wangu utainama, nikaendelea. Tukazunguka kanisa, tukazunguka uwanja, watu wamejaa kwenye roshani wananitazama, na mimi machozi yananitiririka, kwa sababu nilimkumbuka baba, aliyezikwa Unguja nami niko Maskati, sikuwahi kumtilia bega hata hatua moja. Iliniuma sana.

Tukafika lango la makaburi, tukalipita! Tukaingia bandani, tukatua, nikamkumbatia mzee wa karibu nikampa pole kwa Kiarabu, kamasi zinanitoka. Mwenzake akafunua kitambaa. Mifuko ya mchanga! Kijana mmoja mwenye Kiingereza akanieleza kwamba walikuwa wanafanya mazoezi ya kubeba sanamu ya kanisa lao siku ya sikukuu, na mchanga ule ni badala ya uzito wake.

Wakati huo Bwana Khalfan kasimama mlangoni, jasho linamchuruzika, karudi kwa baiskeli kunitafuta.

"Seif, treni imekwenda zake. Unafanya nini humu?"

"Nnazika, bwana."

"Unamzika nani?"

Nikaionyesha ile mifuko kwa kidole, kisha nikamweleza yule kijana kwa Kiingereza. Kijana alipowatafsiria wenzake nilivyodhani, walicheka mpaka wengine wakakaa chini, kisha yule mzee niliyemlilia akanishika mkono kwa mikono yake miwili na hakucheka. Wakatuma gari kuwachukua wateja kituoni, wakatupa chakula na pa kulala, na wateja wakaapa hiyo ndiyo siku bora ya safari nzima. Watu wema, sijui niwasifu vipi.

Lakini kazi ni kazi. Kesho yake ndani ya treni Bwana Khalfan akaninong'oneza, "Moyo unao, Seif. Ndiyo maana tikiti za msafara sikubebeshi tena." Uongozaji akapewa Nasra, mwenzangu wa ofisini, na anaujua, mimi nikarudi kaunta. Nami nimeapa: nikiona watu wamebeba kitu mabegani, kwanza nitauliza nani kafa.