Ngoma Inayongoja Kwenye Kona

Truphena Nerima hakuwa mtu wa kufukuzwa kwa upole. Ukitaka atoke, mwambie toka, naye atakuuliza kwa nini. Kimanzi, kiongozi wa bendi ya Kokoto ambayo Truphena aliipigia ngoma, alikuwa amemjua miaka tisa na bado alijaribu kumtoa kwa maneno matamu: eti albamu mpya inataka sauti mpya, eti apumzike kidogo.

"Nipumzike? Kwani nimekwambia nimechoka?" Truphena akamuuliza.

Walikuwa kwenye chumba chao cha mazoezi huko Kariobangi, Nairobi, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Kimanzi akakuna shingo. Alikuwa mpiga gitaa hodari, lakini kusema jambo zito uso kwa uso kulimshinda tangu zamani. Akatoa simu na kumchezea sauti ya mashine ya midundo. Haikosei, haichoki, haiombi maji ya kunywa. Ile rock ya kelele waliyoipiga tangu ujana ilikuwa imewachosha hata wao, akasema. Albamu hii ingekuwa ya taratibu, safi, ngoma zake zipangwe kwenye kompyuta. Halafu akatoa lile alilokuwa akilizunguka.

"Trufe, unachelewa. Abdimajid amepima. Kila tukikaribia kiitikio unavuta nyuma."

Abdimajid ndiye aliyekuwa fundi wao wa sauti, mwenye studio kwenye fleti moja mtaa wa Tena, na kompyuta yake haimwonei mtu haya. Ilionyesha mdundo wa Truphena ukienda sawa, sawa, sawa, kisha kabla tu ya kiitikio unalegea. Wimbo baada ya wimbo. Javan, mpiga besi, alikuwepo hapo akitazama viatu vyake.

Lilimuuma, nisiwadanganye. Angeambiwa amezeeka, angecheka. Angeambiwa rock si ya wanawake, hilo alishalizoea. Lakini kuambiwa hajui kuhesabu, yeye aliyeshika fimbo za ngoma akiwa na miaka kumi na mmoja, hapana.

"Nipeni mwezi," akasema. "Nikishindwa nitabeba ngoma zangu mwenyewe, na msinisindikize."

Akaingia kazini kama mtu aliyetukanwa. Kiwandani, alikokuwa akipanga vipande vya sabuni kwenye katoni, alitia kifaa cha kuhesabu mdundo sikioni, kikimgongea ti, ti, ti kutwa nzima. Alitembea nacho. Alisonga ugali nacho, hadi jirani yake akamuuliza kama ana shida ya sikio. Baada ya wiki mbili mkono ulikuwa umenyooka kila mahali, isipokuwa pale pale mbele ya kiitikio. Hapo ulijiamulia wenyewe.

Jibu alilipata Jumapili, kifaa kikiwa nyumbani mezani.

Sasa mjue kwamba Truphena ni wa kanisa la kanzu nyeupe, wale wanaozunguka mitaa ya Kayole kila Jumapili na bendera na ngoma kabla ya kuingia ibadani. Yeye ndiye anayepiga ngoma kubwa, na kamba anayoivaa shingoni kuibebea aliachiwa na mama yake. Bendi ilijua kwamba anasali. Habari ya ngoma hakuwahi kuwaambia, kwa kuwa aliona haya kidogo, na kwa kuwa alikuwa amejipangia maisha hivyo: rock Jumamosi, kanzu Jumapili, na visijuane.

Kanisa lile lina sheria moja ya njiani. Mpiga ngoma anatembea mbele na hageuki nyuma. Lakini akikaribia kona, analegeza mdundo, maana miguu ya walio mbele inaufuata, ili akina mama wakongwe walioko mkiani wafike kabla bendera haijawapotea machoni. Msafara ukishakusanyika ndipo unapinda, na hapo hapo watu wanapandisha kiitikio.

Siku hiyo, walipoikaribia kona ya sokoni, Truphena alijisikia mkono ukilegea. Akaelewa. Miaka ishirini na mitatu, tangu alipoanza kuipiga, kabla ya kila kiitikio, mkono ule ulikuwa umefunzwa kungoja watu. Akacheka katikati ya wimbo wa Mungu, na mzee wa kanisa akamkazia macho.

Mwingine angefurahi kwamba amejua ugonjwa, sasa atafute dawa. Truphena alirudi Kariobangi akiwa ameamua hatibiwi.

"Nimejua kwa nini nachelewa," akawaambia, "na siachi. Mnatafuta sauti mpya kwenye simu na mimi nimekaa nayo hapa miaka yote. Kimanzi, Jumapili uje Kayole utembee na sisi. Nyuma kabisa. Ukitoka hapo ukisema bado ni kosa, nimeondoka."

Kimanzi hakupenda. Amelelewa kwenye kanisa la kuketi na kushika kitabu cha nyimbo, na kuonekana na watu wa steji ya matatu akiandamana na kanzu za watu haikuwa ndoto yake. Hata hivyo alikuja, na jinzi yake nyeusi, akawekwa mkiani kando ya Mama Roseline, ajuza mwenye fimbo ambaye nyonga yake ilivunjika na haijapona vizuri.

Yaliyotokea huko nyuma Truphena hakuyaona, maana mpiga ngoma hageuki. Aliyeyasimulia ni Mama Roseline, na Mama Roseline akianza kusimulia haruki kitu. Kwamba kijana alianza kwa kutembea haraka, akarudi, akatembea tena haraka. Kwamba pengo la mbele lilipofika hatua thelathini na bendera kukaribia kona, alishikwa na wasiwasi kweli kweli.

"Mama, tutaachwa."

"Atuache nani, mwanangu? Sikiliza ngoma."

Na ngoma ikalegea. Wakafika taratibu, fimbo na jinzi, wakajiunga na wenzao, kiitikio kikapanda, naye akakiimba kwa sauti kubwa, kwa Kiluhya asichokijua hata neno.

Baada ya ibada Kimanzi alimwambia Truphena neno moja tu: "Jumamosi, studio ya Tena, saa nne asubuhi." Kama ni kuja kupiga au kuja kuchukua ngoma zake, hakusema. Truphena naye hakuuliza, kiburi kilimkataza, akarudi kiwandani kupanga sabuni.

Jumamosi alikuta ngoma zake zimezungushiwa maikrofoni. Kimanzi alikuwa ameomba wote wapige pamoja chumba kimoja, bila kifaa cha kuhesabu. Wakaanza wimbo wa kwanza. Kabla ya kiitikio Truphena akalegeza, na Kimanzi akaingia mapema. Wakarudia, akaingia mapema tena. Mara ya tatu Javan ndiye aliyekosea, akacheka peke yake.

"Msihesabu," Truphena akawaambia. "Tembeeni."

Mara ya nne gitaa lilinyamaza, likangoja, likaingia wakati watu wote wameshafika. Haikuwa rock waliyoijua, wala si ule muziki safi wa kwenye simu. Truphena alisikia machozi yakimjia, akayarudisha yalikotoka kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha.

Walipomaliza, Abdimajid alivuta kiti karibu na kompyuta. Alikuwa mtu makini na kazi yake, hakuwa na ubaya.

"Iko poa," akasema. "Ila hapa kabla ya kiitikio ngoma imechelewa. Nayo ni kidogo tu, naweza kuisukuma mbele mtu asijue."

Truphena alishika fimbo zake. Alikuwa amesema yake yote. Kimanzi akaweka mkono wake juu ya mkono wa Abdimajid uliokuwa kwenye kipanya.

"Usiguse hapo," akasema. "Kuna mama hajafika."

Truphena akasogeza kiti, akagonga fimbo mara nne, wakaanza wimbo wa pili.