Maneno Chini ya Gauni la Kijani

Mtaani walimwita Kifungo, kwa kuwa utotoni alimeza kifungo cha koti la baba yake na nyumba nzima ikakaa siku mbili kukisubiri. Jina likamganda. Alipokuja kuwa fundi cherehani, wageni walidhani ni jina la kazi, naye akawaacha wadhani hivyo, maana ukweli wenyewe haukuwa na heshima.

Chumba cha kazi kilikuwa kimoja, mlango ukitazama barabara. Cherehani ya Kifungo ilikaa dirishani. Meza ya kukatia ilikuwa ya dada yake, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Dada alikuwa na ukataji wake wa pekee. Utepe wa kupimia aliuvaa shingoni kama urembo tu. Mteja akiingia, alimwambia, "Hebu tembea mpaka mlangoni, urudi." Akamtazama mara moja, akaona bega lipi limeshuka na nyonga ipi imezidi, kisha akachukua chaki. Gauni likivaliwa, mwenyewe aligeuka mbele ya kioo mara mbili kwa kujipenda. Kifungo alishona pale mkasi ulipopita, na alijua, ingawa hakupenda kulisema, kwamba nusu ya sifa zake zilitoka kwenye meza ya dada yake.

Duka la nguo za tayari lilipofunguliwa karibu nao, wateja wa mlangoni wakaanza kuadimika. Kifungo ndiye aliyeleta habari za mtandao.

"Dada, tukikaa hapa kuukodolea macho mlango, tutaota ukungu. Nifungue ukurasa, tuweke picha."

"Weka basi. Mimi hayo siyajui. Mradi kazi ije."

Alitundika shuka jeupe ukutani, akapiga picha za magauni, akafungua ukurasa. Palipotakiwa maelezo ya biashara, aliandika: "Nguo za mikono yangu mwenyewe." Alikuwa ameanza na "mikono yetu", lakini aliona kurasa za mafundi wengine kila moja ina mtu mmoja anayetabasamu, naye akaona mmoja anapendeza zaidi kuliko wawili. Nani ataumia kwa neno moja, alijiambia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Oda zikaja, tena za mbali, na kila oda na vipimo vyake: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Dada aliitazama ile karatasi ya vipimo kama barua ya mahakama.

"Huyu anatembeaje?"

"Hatembei, Dada. Yuko mbali. Wewe kata tu."

"Nikate namba?"

"Kata namba."

Akakata namba, kwa kuwa mdogo wake amesema. Nguo za kwanza zilikwenda salama, labda kwa bahati. Kisha likaja gauni la kijani la binti mmoja aliyekuwa anahitimu chuo. Bega lake moja lilikuwa limeshuka, jambo ambalo Dada angeliona kabla binti hajafika mlangoni, lakini vipimo havikulisema. Binti alirusha picha yake pale pale ukurasani, chini ya picha ya gauni, shingo ya gauni imekaa upande, na maneno: "Hii ndiyo kazi ya mikono yako mwenyewe?" Kufikia adhuhuri watu wasiojua hata kutunga uzi walikuwa wanacheka hapo kwa mamia.

Dada alikuwa ametoka kununua bitana. Kifungo alibaki peke yake na simu yake, akihofu kuiona biashara inakufa ingali changa. Akaandika: "Samahani sana mpendwa. Ni kosa la msaidizi wangu wa kukata. Nimeshamwachisha kazi. Nitakushonea jingine bure."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na hawakujua kuna siku mtu atajikwaa ulimi kwa dole. Vicheko vikapoa. Wengine wakampongeza kwa kuchukua hatua. Dada aliporudi na bitana kwapani, Kifungo alimpokea, akamfutia kiti, akamtengenezea chai kwa mkono wake. Mwenye hatia huwa mkarimu.

Siku ya tatu Dada alikuja asubuhi kama kawaida, ila hakuvua mtandio. Binti yake wa kumzaa, ambaye ni muuguzi, alikuwa amemsomea lile jibu la ukurasani. Alifungua droo, akatia mkasi na chaki mkobani.

"Unakwenda wapi, Dada?"

"Si nimeachishwa kazi? Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Yale yalikuwa maneno ya biashara tu!"

"Najua. Hicho kitambaa cha buluu nimekata mbele na nyuma. Mikono yake bado."

Hakupaza sauti. Kifungo angetoa chochote apigiwe kelele siku ile.

Akajifunza kukata kwa namba. Nguo zilikaa, hakuna aliyelalamika, na hakuna aliyegeuka mbele ya kioo mara mbili. Oda ziliendelea kuja. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini ya Kifungo yalihamia mle chumbani mapema na kuketi kwenye meza ya kukatia. Hakuulilia mkasi. Alimtaka dada yake, na uoga wake ulimchelewesha miezi saba kabla ya kwenda nyumbani kwake.

Jumapili moja aliamua. Kabla ya kutoka, ili aende akiwa msafi, alilitafuta lile gauni la kijani ukurasani akafuta vyote: picha, lawama na jibu lake. Alifika na kilo mbili za sukari. Dada alimkaribisha vizuri, akamwandalia chai.

"Dada, nisamehe. Yale maneno nimeyafuta. Hayapo tena, hata ukiyatafuta."

Dada aliweka kikombe chini. "Umeyafuta?"

"Yote."

"Kukusamehe nilikusamehe siku ileile. Nilichokuwa nangoja ni uyasahihishe. Miaka kumi na tisa mimi nakata, wewe unashona. Katika ukurasa wako wote nilitajwa mara moja tu, pale. Kwa ubaya, sawa, lakini nilikuwepo. Sasa na pale umenitoa."

Kifungo alitoa simu haraka. "Naandika sasa hivi, Dada. Niambie niandike nini."

Dada alimtazama mdogo wake, si kwa hasira.

"Kama mpaka nikuambie mimi, basi acha," alisema, akamwongezea chai, akamuuliza kama oda bado zinakuja.