Safari ya Vichwa Viwili

Dada yangu hapandi lifti. Saluni yetu ilipohamia ghorofa ya tatu, wateja walipanda lifti, yeye akapanda ngazi na goti lake bovu, miaka yote, bila aibu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kupanda ndege.

Binti yake anaishi mji wa mbali, mbali hasa. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ilipofika mwezi wa tisa, mumewe yuko kazini melini, binti akampigia dada simu: "Mama, naogopa." Dada alimaliza kichwa alichokuwa anasuka, maana kichwa hakiachwi nusu, kisha akaenda kukata tiketi. Nikamfuata nyuma nikinung'unika.

Bwana wa tiketi akatuambia ni kilomita elfu kumi na moja, saa kumi na nne angani bila kutua. Roho ikanipaa.

"Dada, lifti ya ghorofa tatu tu inakushinda. Presha itakuua huko juu."

"Rasta ndogo za kufika kiunoni huchukua muda gani?" akaniuliza.

"Saa saba, kwa mkono wako."

"Basi ni vichwa viwili. Tena hapa nasuka nimesimama. Kule nitakaa."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilizoea kuusikia msemo huo tu, siku hiyo nikauona umesimama mbele yangu na mkoba begani.

Uwanjani, pale kwenye ukaguzi, walimnyang'anya kichana chake cha mkia wa chuma. Akachomoa cha plastiki mfukoni, alishajiandaa. "Nikishika kichwa cha mtu, hofu hainipati," akaniambia, akaenda zake.

Nilirudi kazini. Mteja wangu wa kwanza akalalamika kwamba navuta nywele, na kweli nilikuwa navuta. Usiku sikupata usingizi.

Kesho yake simu ikalia, ni binti.

"Mama mdogo, mama kafika. Eti kamsuka msichana aliyekaa kiti cha jirani, rasta nyembamba kama uzi, tangu wanapaa mpaka wanatua. Wameshuka wameshikana mikono."

"Huyo mama yako ni shujaa," nikasema, machozi yananitoka mbele ya wateja. "Na wewe, mwanangu?"

"Uchungu umeshaanza. Gari la hospitali liko njiani."

Nyuma yake nikaisikia sauti ya dada, ile ile ya saluni: "Usitikise kichwa. Imebaki mistari miwili, tutamaliza kabla hawajagonga mlango."

"Anakusuka sasa hivi?"

"Anasema mjukuu wake hapokelewi na mama mwenye nywele timtim."

Nikacheka, kisha nikamuuliza kile kilichokuwa kinanisumbua tangu ile simu yake ya kwanza. "Bado unaogopa?"



"Nilisahau, mama mdogo."