Mkaguzi wa Mizani na Vidonge vya Joto

Kazini walimwita Gramu, na jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka madukani na mabuchani na sanduku la mawe ya shaba, akiyapanga juu ya mizani za watu na kutazama mshale unasimama wapi. Mshale ukidanganya, aliifunga mizani kwa waya na lakiri, akaandika, akaondoka. Wauzaji walisema mwanamke yule hata salamu huipima kabla ya kuipokea. Mume wake, dereva mstaafu, alisema afadhali wao. Yeye sukari aliyotumwa dukani ilipimwa upya mezani kabla chai haijachemka.

Joto lilimkuta buchani, siku ya baridi ambayo mwenye bucha mwenyewe alikuwa kavaa sweta mbili. Gramu aliinama kuweka jiwe la kilo mbili, mara moto ukampanda kifuani, ukapita shingoni, ukafika masikioni. Jasho likadondoka juu ya sahani ya mizani.

"Mama mkaguzi," mwenye bucha akasema, "na hilo jasho unalihesabu? Maana mshale umesogea."

Wateja wakaangua kicheko. Gramu hakucheka. Aliitazama glasi ya maji aliyokaribishwa alipoingia, akajiuliza wametia nini humo.

Baada ya maji alishuku sabuni mpya, kisha blanketi, kisha mume wake kwamba anafunga madirisha kwa makusudi. Joto halikujali. Lilikuja mara nane, mara kumi kwa siku, na usingizi ukamkimbia. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na hedhi yake ilikuwa imepotea mwezi wa tisa sasa. Jibu lilikuwa wazi, lakini Gramu hakuwa mtu wa kukubali jibu kwa sababu liko wazi. Kilichompeleka kwa daktari ni kosa la kazini. Alithibitisha mizani ya duka la unga kuwa ni sahihi, na kesho yake akagundua alikuwa amesoma safu isiyo yake kwenye daftari la vipimo. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kukosea hivyo. Alirudi dukani akakiri mbele ya mwenye duka, uso umemwiva kwa aibu na kwa lile joto pamoja.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kusikiliza. Upole ule ulimtia Gramu wasiwasi. Ukutani palikuwa na kalenda ya kampuni ya dawa, na kalamu ya daktari ilikuwa na jina la kidonge ubavuni.

"Kalamu hiyo umepewa na nani, daktari?"

"Na muuza dawa," daktari akajibu. "Yangu iliisha wino." Akaitazama kidogo, kisha akaitupa kwenye droo na kutafuta nyingine.

Alimweleza kwamba mwili umepunguza homoni za kike, na kwamba vipo vidonge vya kuzirudisha kiasi. Vinatuliza joto vizuri kuliko dawa nyingine, lakini vina mambo yake, saratani ya matiti ikiwemo. Kwa hiyo kwanza ajaze fomu. Gramu alijaza kwa mwandiko wake wa kazini, ulionyooka kama uzi. Shinikizo la damu, hapana. Kuganda kwa damu miguuni, hapana. Swali la kumi na moja liliuliza kama mama, dada au binti yake amewahi kupata saratani ya titi.

Kalamu ikasimama. Mama yao alikufa kwa uzee. Dada mmoja tu alikuwa naye, aliyemzidi miaka kumi na miwili, mwalimu mstaafu. Dada aliwahi kupasuliwa jipu la kwapani miaka saba nyuma, alipokuwa akiishi mji mwingine na mume wake. Jipu. Ndivyo walivyoambiwa. Gramu akaandika "hapana," lakini neno lile halikumkaa vizuri.

Alianza vidonge wiki ileile. Haikupita miezi miwili, akalala. Alilala mpaka mume wake akawa anamwekea mkono puani kuhakikisha anapumua. Kazini alirudi kuwa Gramu yule yule, na mwenye bucha alipomtania alimjibu kwa utani wake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Lakini kila asubuhi alipokitoa kidonge kwenye pakiti, lile "hapana" lilimjia. Raha hii, alijiambia, mbona imekuja bure?

Akaanza kumchunguza dada yake. Dada alikuwa amefiwa na mume, akahamia mtaa wa pili, na walionana karibu kila Jumapili. Gramu aliona mambo ambayo alikuwa ameyaona siku zote bila kuyatazama. Dada hubeba ndoo kwa mkono wa kulia tu. Blauzi zake zote zina kola ya juu, hata mwezi wa joto. Akikumbatiwa hugeuza bega kwanza, kama mtu anayepita mlango mwembamba. Tena, wiki mbili zilizopita dada alikuja kwake, akaingia bafuni kunawa, akatoka kimya, akaaga kabla ya chakula. Sababu hakusema.

Mkaguzi mzuri hatangazi kwamba anakuja. Jumamosi asubuhi Gramu alifika kwa dada yake bila taarifa, akapitia mlango wa nyuma. Dada alikuwa uani akianika nguo. Juu ya kizingiti cha dirisha, juani, palikuwa na kifuko cha kitambaa laini, cha mviringo, kimeshonwa kwa mkono na kujazwa nafaka. Gramu akakiokota. Mkono wake ulijua kabla ya akili: robo kilo, kasoro kidogo.

"Weka chini," dada akasema.

"Hiki nini, dada?"

"Cha kuchomekea sindano."

Gramu alikigeuza. "Hakina hata tundu moja la sindano."

Dada aliendelea kubana shuka kwenye kamba. Alibana vibanio vinne mahali pa viwili. Kisha akaingia ndani, na Gramu akamfuata, kifuko bado kiganjani.

"Halikuwa jipu," Gramu akasema.

"Halikuwa jipu."

"Miaka saba, dada! Mimi ni ndugu yako wa tumbo moja."

"Na ulimi wako je? Ningekuambia wewe, ungetaka kuona cheti." Dada aliketi. Aliweka mkono kifuani upande wa kushoto, ambako, bila kifuko kile, blauzi ilikuwa imelala bapa. "Walilitoa lote. Shemeji yako tu ndiye aliyejua, naye kaondoka na siri hiyo. Sikutaka watu waje kunitazama kama mgonjwa wa maonyesho. Hata binti yangu hajui. Alikuwa masomoni, mitihani imemkaba."

Gramu alifungua mkoba, akatoa pakiti ya vidonge, akaiweka mezani. Dada hakuishangaa pakiti ile.

"Ulishaiona."

"Bafuni kwako."

"Wiki mbili! Uliiona ukanyamaza? Ukaniacha nimeze?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia bila kujitaja mimi," dada akasema. "Sikuipata. Kila siku nilisema kesho. Mdogo wangu, nilimeza hivyo hivyo miaka tisa. Pakiti ilikuwa rangi nyingine, lakini lile jina la dawa la chini ni hilo hilo. Daktari aliniandikia mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo nilijinunulia dukani kama peremende, na hakuna aliyenipima hata mara moja. Halafu siku moja naoga, nikaligusa donge. Gumu kama punje ya hindi. Ndivyo vilivyonila. Kikulacho ki nguoni mwako, mimi changu nilikuwa nakilipia."

Gramu alitaka kugomba. Aliyapanga maneno yote, makali, kwa uzito wake. Lakini dada alikuwa akimtazama kama mtuhumiwa anayesubiri lakiri, na Gramu akajikuta amekaa chini karibu naye, ameshika kifuko kile kwa mikono miwili. Walikaa hivyo mpaka shuka zikakauka.

Jumatatu walikwenda kwa daktari pamoja. Gramu aliingia kama anayeingia duka lenye historia mbaya.

"Fomu yangu ina uongo," akaanza. "Swali la kumi na moja. Uongo si wangu, lakini umeandikwa kwa mkono wangu."

Daktari alimsikiliza dada mpaka mwisho. Kisha akaeleza polepole. Kwa sababu dada aliugua, hatari ya Gramu ilikuwa juu kidogo hata kama asingemeza kidonge hata kimoja. Vidonge vya homoni mbili huongeza juu ya hapo, na kadiri mtu anavyovimeza miaka mingi, ndivyo nyongeza inavyokua.

"Inakua kiasi gani? Nipe namba."

"Chukua wanawake mia wenye miaka kati ya hamsini na sabini. Kama sita hivi watapata saratani ya titi hata bila vidonge. Wakimeza aina yako kila siku kwa miaka mitano, kuanzia hamsini, watakuwa kama wanane."

"Hao mia walihesabiwa wapi?"

"Nchi za mbali, kwenye kumbukumbu nyingi. Si hapa."

"Kwa hiyo unanipima kwa mawe ya watu wengine."

Daktari alicheka, lakini hakubisha. "Ndiyo mawe tuliyo nayo, mama."

Gramu akauliza kwa nini asipewe homoni moja tu, aliyosikia ina hatari ndogo. Daktari akamjibu kwamba hiyo ni ya waliotolewa kizazi. Mwenye kizazi akiimeza peke yake, inaweza kumletea saratani ya huko. Akauliza kama miezi minne aliyokwisha kumeza imemharibu. Daktari akasema miezi minne si miaka tisa, lakini apige picha ya matiti. Kila jibu Gramu alilipindua chini juu akitafuta ufa. Kwenye mengine hakuupata, na hilo halikumfurahisha hata kidogo.

Ndipo dada akauliza lake. "Ni vidonge vilivyoniletea?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Sijui. Wapo waliomeza wasipate, na wapo wasiomeza wakapata. Miaka tisa ni mingi, huenda vilichangia. Lakini hakuna kipimo cha kunionyesha hilo kwa mtu mmoja."

"Kwa hiyo hata wa kumlaumu sina," dada akasema.

Picha ya Gramu ilionyesha kivuli kwenye titi la kulia. Mpiga picha alikuwa amesema "subiri hapo kidogo," na Gramu aliisikia ile "kidogo" kwa siku sita. Siku hizo alishuku mashine, kwamba haijakaguliwa tangu inunuliwe; akauliza cheti chake, akaonyeshwa, akakisoma mbele na nyuma. Alimshuku mume wake, ambaye ghafla alikuwa akiosha vyombo bila kuambiwa. "Umeongea na daktari pembeni?" alimwuliza. Mume akajibu, sabuni mpaka kwenye viwiko, "Mke wangu, mimi naogopa tu. Na hilo nalo unataka risiti?" Gramu akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani.

Siku ya saba alifanyiwa kipimo kingine, cha mawimbi ya sauti. Kile kivuli kilikuwa kijifuko cha maji, kisicho na madhara. Gramu aliomba waangalie tena. Wakaangalia tena. Maji.

Daktari hakumwamuru lolote. Alisema wapo wenye ndugu aliyeugua ambao huendelea na vidonge kwa muda mfupi, kwa uangalizi, kwa sababu bila hivyo hawawezi kufanya kazi wala kulala. Gramu alifikiri wiki nzima, kisha akaacha. Alipewa dawa nyingine isiyo ya homoni, na joto likarudi, si kama mwanzo, lakini likarudi. Zipo siku anajuta. Hujiuliza kama ametupa usingizi wake kwa sababu ya wale wawili kati ya mia, ambao huenda yeye hakuwa mmoja wao. Hujiuliza pia kama angemeza kwa amani, na hapo jibu huwa analo. Kila mwaka hupiga picha, na dada, aliyekuwa ameacha kwenda kliniki miaka mitatu, huenda naye siku hiyo hiyo, kwa sababu Gramu humpitia nyumbani bila taarifa.

Lililobaki lilikuwa la binti wa dada. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mhasibu wa kiwanda mji mwingine, naye fomu kama ile ingemfikia siku moja. Dada aliahidi kumpigia simu Ijumaa, akasogeza Jumapili, akasogeza tena. Jumapili ya tatu Gramu alikuja, akavuta kiti mpaka karibu na simu, akaketi.

"Unanilinda?" dada akauliza.

"Nasikiliza tu. Ukisema jipu, nitajua."

Dada alipiga. Akamsalimia mwanawe, akauliza kazi, akauliza mvua, akauliza paka. Gramu alikuwa ameanza kupandwa na joto, na safari hii hakujua kama ni lile joto au ni hasira. Kisha dada akafumba macho.

"Mwanangu, kaa chini. Ile operesheni yangu haikuwa jipu. Ilikuwa kansa ya titi. Walinikata."

Upande wa pili sauti ikaja kubwa hata Gramu akaisikia: "Mama! Tangu lini?"

Dada akaanza kumweleza, tangu mwanzo, tangu kile kidonge cha kwanza. Alieleza kwa muda mrefu, na Gramu hakumsahihisha hata mara moja.