Mshona Fizi

Daktari wa meno pale Tabora alikuwa na vidole vyembamba na sauti ya kubembeleza. Fizi za Paskazia zilikuwa zimelika mpaka mizizi ya meno ikawa wazi, daktari akakata kijinyama kaakaani, akakishonea kwenye fizi, na kila alipovuta uzi alisema, “Kidogo tu, mama. Halafu siku saba usiseme neno.” “Basi hapo nimepona mimi!” akatania Masolwa, mumewe.

Siku ya nne Paskazia alilala kutwa, kimya. Masolwa akadhani ni kidonda, kumbe malaria. Siku ya sita wakamzika. Daktari akaja kwa baiskeli hadi kijiji chao cha ujamaa. “Hakusema anaumwa?” “Alikutii, ndugu,” Masolwa akajibu. Daktari akakaa mchangani na suruali yake nyeupe, kidevu kifuani, mpaka wanawake wakamtandikia mkeka wa wafiwa.