Harufu Iliyotaka Kumfukuza Dani

Mama yangu alizaliwa Murang'a, kule milimani, akaolewa Kisumu. Yeye aliolewa, pua yake ilikataa. Kitu chochote kikinuka, kwake kilikuwa samaki. Mtaro ukiziba, samaki. Soksi za baba, samaki. Basi mwaka ule wa sabini na kitu nyumba yetu ilipoanza kunuka vibaya, hakumtafuta mshtakiwa mbali. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa amekuja kutoka Asembo Bay na kikapu cha samaki wakavu.

"Mama, hao samaki wameoza," mama akamwambia Dani.

"Samaki yangu haiozi! Nimekausha mwenyewe na jua ya Mungu!"

Waligombana kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na Kiswahili chenyewe nacho kiliwatoa jasho wote wawili.

Kikapu kikatolewa nje, harufu ikabaki. Mama akasugua sakafu, akaanika magodoro, akamwosha hata paka, maskini. Wapi! Mimi nilikuwa nalia jino, nikaambiwa ni miwa ninayotafuna, nisukutue kwa maji ya chumvi. Siku niliposhindwa kutafuna samaki wa Dani, mama alishangilia kabisa.

"Si mnaona? Hata mtoto amekataa!"

Dani aliniangalia, akaweka sahani chini. "Sawa. Mimi narudi kwangu. Na sirudi hapa tena."

Nililia mpaka kituo cha basi. Dani ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenitetea nikikosea. Nyumba bila yeye ningeifanyia nini? Mama alitusindikiza, uso umekunjwa. Dani akatua kikapu chake, akainama kunikumbatia, mara akaruka nyuma.

"Yawa! Fungua mdomo!"

Nikafungua kidogo tu, maana taya lilikuwa limekaza na shavu limevimba. Dani akanusa. Akamvuta mama kichwa, naye akanusa.

"Ni huyu!" Dani akapiga kelele, na basi likaondoka bila yeye.

Hospitalini daktari alipasua jipu chini ya jino, na harufu iliyotoka ilimfukuza muuguzi hadi dirishani. Daktari akasema ni vijidudu visivyopenda hewa. Vikipata pango chini ya jino bovu vinastarehe humo, vinaozesha nyama. Tungekawia, usaha ungeshuka shingoni na kunikaba pumzi. Mama aliketi ghafla.

Dani alingoja daktari amalize. "Daktari, hiyo ni samaki?"

"Hapana, mama."

"Sema tena. Huyu asikie."

Nilitoka bila jino, matako yanawaka kwa sindano ya penisilini. Mama hakusema pole. Neno hilo lilikuwa zito kwake. Alikichukua kikapu cha Dani, akakifunga kwa leso, akaipitisha leso kwenye paji la uso na kukitundika mgongoni, kama wanavyobeba kuni kwao. Samaki wakawa nyuma ya kisogo chake, karibu kabisa na ile pua.

"Mama, twende nyumbani," akasema.

Mji mzima ulisimama kumtazama. Hapa kwetu mzigo ni wa kichwani! Dani alicheka hadi machozi.

"Hata kubeba samaki hajui!" alisema njia nzima, na njia nzima mkono wake ulikuwa chini ya kikapu, umekishikilia kisianguke.